Mtihani wa Kidato cha Sita na Mwaka wa Kwanza wa Chuo: Historia Ikitazamwa kutoka Bagamoyo

Utangulizi

Kijana wa Dunda, katika mji wa kale wa Bagamoyo, anapongoja matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita, anangoja mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza analijua vema, nalo ni kama amefaulu. La pili halitajwi katika karatasi ya matokeo, lakini ndilo lenye gharama kubwa zaidi: kama chuo kikuu kitayahesabu masomo ya miaka yake miwili iliyopita kuwa sehemu ya elimu ya juu, ili shahada yake nyingine za sanaa na sayansi aimalize kwa miaka mitatu badala ya minne.

Huko Marekani jambo hili hufanyika waziwazi. Mwanafunzi wa sekondari hufanya mtihani wa kiwango cha juu, na akipata alama nzuri chuo humwandikia kwamba amekwisha kumaliza somo fulani la mwaka wa kwanza. Hesabu hiyo huitwa krediti. Kwetu Afrika Mashariki jambo lilo hilo limefanyika kwa zaidi ya miaka 60, ila kwa jumla na kwa kimya, hata wengi wetu hatutambui kwamba linafanyika. Makala hii inakusudia kueleza jinsi utaratibu huo ulivyoingia, jinsi ulivyobadilishwa mara kadhaa, na ni nani aliyelipia kila badiliko. Swali hili si geni kwa vyuo vya theolojia. Katika darasa moja huketi kijana aliyetoka Kidato cha Sita jana na mwinjilisti aliyelea mtaa kwa miaka 15, na mkuu wa chuo hana budi kuamua kila mmoja ahesabiwe nini.

Kupimwa mara mbili

Watu wa Bagamoyo walilijua tatizo hili kabla ya shule. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora na Ujiji iliishia hapo pwani. Pembe za ndovu hazikuingia sokoni kwa neno la mwenye msafara peke yake. Zilipimwa kwa frasila, kwa mizani ya mahali pale, kisha zikavuka kwenda Unguja. Mzigo ulikuwa ule ule; kilichobadilika ni nani aliyeaminiwa kuupima.

Elimu nayo ina historia ya namna hiyo, hata katika maisha ya Martin Luther mwenyewe. Alipata shahada zake mbili za kwanza Erfurt, mwaka 1502 na 1505. Mwaka 1509 alipata shahada ya kwanza ya theolojia huko Wittenberg, kisha akarudishwa Erfurt kufundisha. Alipofanywa daktari wa theolojia Wittenberg tarehe 19 Oktoba 1512, wakubwa wa Erfurt walinung'unika wakisema ilimpasa kumalizia kwao. Basi mwanzilishi wa Matengenezo naye alisimama kati ya vyuo viwili vilivyobishana juu ya uzito wa masomo yake.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua makao ya watumwa waliokombolewa, walifundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Katika miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani nayo ilifungua shule Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam. Aliyemaliza shule hizo hakuulizwa angesoma nini zaidi. Aliingia kazini, akawa karani, mwalimu au akida. Cheti kilikuwa mwisho wa njia, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukipima tena mbele. Haja hiyo ilianza siku ilipojengwa ngazi ya juu zaidi, nayo haikujengwa Tanganyika bali Kampala.

Makerere, na miaka iliyohama

Makerere ilianza mwaka 1922 kama chuo cha ufundi. Vijana wa Tanganyika walikwenda huko baada ya Tabora na shule nyingine chache, wakatoka na stashahada. Mmoja wao, Julius Nyerere, alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 akapata stashahada ya ualimu. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alianza shahada tangu mwanzo, akaimaliza mwaka 1952. Miaka yake ya Makerere ilimfaa sana, lakini haikumwezesha kuingia katikati ya ngazi.

Mwaka 1949 Makerere ilifungwa kwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, nayo ikaanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za London. Hapa kuna jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi aliingia Makerere akiwa na cheti cha Cambridge cha Kidato cha Nne. Kwa kuwa London ilitaka kiwango cha juu zaidi ya hapo, chuo chenyewe kilimfundisha masomo ya maandalizi kwa miaka miwili, ndipo akaingia katika masomo ya shahada yenyewe. Kwa maneno mengine, pengo kati ya sekondari na shahada lilizibwa na chuo, kwa walimu wa chuo, kwa maktaba na maabara za chuo.

Mwishoni mwa miaka hiyo Kidato cha Tano na cha Sita vilianza kufunguliwa katika sekondari chache za Tanganyika, kama vile Tabora na Pugu, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 mlango wa chuo ukawa mtihani wa Cambridge wa ngazi ya juu. Masomo ya maandalizi ya Makerere yakaondolewa. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, na kilipounganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, utaratibu ulikuwa tayari: Kidato cha Sita, kisha miaka mitatu.

Badiliko hilo lilikuwa na sababu njema. Chuo kilipunguziwa kazi isiyokuwa ya chuo, na nchi changa iliyohitaji madaktari na mahakimu iliwapata kwa gharama ndogo zaidi. Lakini yafaa kusema wazi kilichotendeka. Miaka miwili haikufutwa, ilihama. Ilitoka chuoni ikaenda sekondari, na tangu hapo ikapatikana tu kwa yule aliyepata nafasi katika shule chache zenye Kidato cha Tano. Aliyeikosa shule hiyo hakuwa na mahali pengine pa kuipata, kwa maana mahali pa zamani palikuwa pamefungwa.

Njia ya Marekani

Katika miaka ile ile Wamarekani walikuwa wakilijibu swali lilo hilo kwa namna yao. Shahada yao ya kwanza huchukua miaka minne, na mwaka wa kwanza hufundisha mengi ambayo kwetu hufundishwa Kidato cha Tano na cha Sita. Walimu wa sekondari na vyuo waliona kwamba vijana hodari walirudia chuoni yale waliyokwisha kuyasoma. Mwaka 1951 Chuo cha Kenyon, katika jimbo la Ohio, kilianza pamoja na vyuo vingine mpango wa kuwapima vijana hao, na katikati ya muongo huo bodi ya mitihani iitwayo College Board ikauchukua. Mwaka 1956 mtihani huo ulifanywa na wanafunzi 1,229. Siku hizi hufanywa na zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Alama ni kuanzia 1 hadi 5, na kila chuo hujiamulia alama ipi itahesabiwa. Kimoja hukubali 3, kingine hudai 5, na Chuo cha Dartmouth kiliamua mwaka 2013 kwamba wanafunzi watakaoingia kuanzia 2014 hawatapewa krediti yoyote kwa alama hizo.

Tofauti iliyopo ni hii. Kwa Mmarekani mwaka wa kwanza wa chuo ungalipo. Mwenye alama huuruka kwa sehemu. Asiye na alama huusoma, na hafungiwi nje. Waafrika wa Mashariki waliigundua tofauti hiyo mapema. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya ilipeleka vijana 81 Marekani, na kufikia 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo kutoka Kenya na nchi jirani walikaribia 800. Wengi wao walikuwa na cheti cha Kidato cha Nne tu. Kwa kipimo cha Makerere mlango ulikuwa umefungwa. Kwa kipimo cha Marekani ulikuwa wazi, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa tayari kuwafundisha mwaka uliopungua. Maofisa wa kikoloni walizitilia shaka shahada za Marekani, lakini waliorudi wakafanya kazi katika wizara, shule na vyuo vya nchi huru.

Hata hapa nyumbani kumekuwa na mlango wa namna hiyo kwa wachache. Huko Moshi, shule ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wataalamu wa hospitali ya KCMC, hospitali ambayo Kanisa letu lina sehemu kubwa katika historia yake, ilianza katika miaka ya 1970 kufundisha kwa ajili ya stashahada ya kimataifa iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Vyuo vingi vya ng'ambo huwapa krediti wenye alama za juu za stashahada hiyo.

Azimio la Musoma

Tanzania ilijitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na sheria ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikatoa azimio ambalo wengi hulikumbuka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote. Lakini azimio hilo liligusa pia mtihani wa Kidato cha Sita. Liliamuliwa kwamba alama peke yake hazitamwingiza mtu chuo kikuu. Mhitimu angekwenda Jeshi la Kujenga Taifa, angefanya kazi, kisha angeleta maoni ya mwajiri wake na ya chama juu ya mwenendo wake.

Ndani ya azimio hilo mlikuwa na fikra ambayo mchungaji hawezi kuidharau. Lilikiri kwamba kazi nayo hufundisha, na kwamba tabia ya mtu ni sehemu ya sifa zake. Wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakilipia chuo kikuu walikuwa na haki ya kuuliza ni watu gani wangetoka humo. Hata hivyo utekelezaji wake ulizaa matatizo. Wasichana wengi walioingia kazini na kuolewa hawakurudi masomoni, na haikupita miaka mingi kabla wanawake hawajaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Vitivo vya sayansi na uhandisi vilikosa wanafunzi wa kutosha, kwa kuwa hesabu na fizikia husahaulika upesi zisipotumika. Tena, maoni ya mkubwa wa kazi yanaweza kupimwa kwa upendeleo kuliko karatasi ya mtihani. Katika miaka ya 1980 masharti yalilegezwa, na alama zikarudi kuwa mlango mkuu.

Hesabu ya Kenya

Jirani zetu wa Kenya walifanya jaribio lililofichua siri ya hesabu yote. Baada ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoa taarifa yake mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Kidato cha Tano na cha Sita viliondolewa, na mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo ukafanywa mwaka 1989. Shahada iliyokuwa ya miaka mitatu ikawa ya miaka minne.

Tukihesabu tunaona kwamba mfumo wa zamani ulikuwa miaka 7, 4, 2 na 3, ambayo ni 16. Mfumo mpya ulikuwa 8, 4 na 4, ambayo pia ni 16. Hakuna mwaka uliopotea. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita iligawanywa, mmoja ukapewa shule ya msingi na mmoja ukarudishwa chuo kikuu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mtihani wa Kidato cha Sita ulikuwa umelipia mwaka mzima wa chuo kwa kila aliyefaulu. Na sasa Kenya imegeuka tena. Mfumo wa 2-6-3-3-3, ulioanza kuletwa mwaka 2017, unarudisha sekondari ya juu na chuo cha miaka mitatu. Mwaka ule umehama kwa mara nyingine.

Ni nani aliyebaki nje

Turudi Bagamoyo. Mwaka unapohama kutoka chuo kwenda sekondari, jambo la kwanza la kuuliza ni sekondari hizo ziko wapi na ni za nani. Wakati wa uhuru sehemu kubwa ya shule nzuri ilikuwa mikononi mwa misheni, nazo zilikuwa zimejengwa zaidi katika nyanda za juu, Kilimanjaro, Bukoba na kwingineko, ambako Makanisa yalipata waumini wengi. Pwani, ambako watu wengi ni Waislamu na ambako wazazi waliiogopa shule ya misheni kwa kuhofia dini ya watoto wao, nafasi zilikuwa chache. Haki inatulazimu tukiri kwamba kipimo kilichoonekana kuwa kimoja kwa wote kiliwakuta watu wakiwa hawako mahali pamoja, na Kanisa lilikuwa miongoni mwa walionufaika.

Serikali ilijaribu kusawazisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizosaidiwa na serikali chini ya umma. Kibaha, si mbali na Bagamoyo, nchi za Nordiki zilijenga kituo cha elimu chenye sekondari, kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Katika Bagamoyo yenyewe kilifunguliwa chuo cha kuwafunza wakuu wa shule na viongozi wengine wa elimu, kilichojulikana kwa jina la MANTEP, na kilichoitwa ADEM tangu 2001. Baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha Sekondari ya Wasichana ya Marian, ambayo imekuwa ikitajwa mara kwa mara miongoni mwa shule zinazofanya vizuri katika mitihani ya taifa. Haya yote ni ya kushukuriwa. Lakini shule nzuri iliyopo mjini haimfikii kila mtoto wa mvuvi wa Dunda, na karatasi ya matokeo haionyeshi ni nani aliyekuwa na mwalimu wa fizikia na ni nani aliyemkosa.

Pamoja na hayo, alama zenyewe zimebadilishwa sura. Mwaka 2014 madaraja ya zamani yaliwekwa kando na wastani wa alama ukaletwa; mwaka 2016 madaraja yakarudi. Kilichoitwa kufaulu mwaka mmoja kilihitaji kufasiriwa upya mwaka mwingine. Hii haimaanishi kwamba mtihani ni bure. Mtihani unaosahihishwa bila kumjua mwenye karatasi umewainua watoto wengi wa maskini ambao barua ya mkubwa isingewainua kamwe. Yaliyotokea baada ya Musoma yanatufundisha tusiutupe upesi.

Vyuo vyetu vya theolojia

Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954, hakikuanza kwa kuwapokea wahitimu wa Kidato cha Sita, kwa kuwa hawakuwapo. Kiliwapokea walimu na wainjilisti, watu ambao usharika ulikwisha kuwapima. Makumira ilipoingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini katika miaka ya 1990, masharti ya vyuo vikuu yakaja pamoja na heshima yake. Tangu 2005 Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoangalia masharti hayo, na kipimo cha kawaida cha anayetoka Kidato cha Sita ni kufaulu kwa kiwango kamili katika masomo mawili.

Hapa tuna hatari mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba mwenye alama amekwisha kujua. Kijana aliyefaulu somo la Divinity katika Kidato cha Sita amesoma habari za manabii kwa ajili ya kujibu maswali. Bado hajakaa na mjane aliyefiwa na kuzitafuta habari hizo tena. Hatari ya pili ni kudhani kwamba mwinjilisti, kwa kuwa ameitwa na amefanya kazi, hahitaji Kigiriki wala historia ya Kanisa. Kumpitisha kwa huruma ni kumdhulumu, maana ataaibishwa darasani, na usharika utapata mchungaji asiyeweza kuyatetea mafundisho yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Katazo hilo lawahusu pia wanaoketi katika kamati ya kupokea wanafunzi.

Historia tuliyoieleza inaonyesha njia iliyo sawa zaidi. Maarifa aliyopata mtu nje ya darasa yaweza kupimwa kwa haki, na Tume ya Vyuo Vikuu imeruhusu utaratibu wa kuyatambua kwa mtihani na kwa kumbukumbu za kazi. Lakini kutambua hakutoshi pasipo kufundisha. Makerere ya miaka ya 1950 iliwapokea watu wenye cheti kidogo ikawafikisha kwenye shahada, kwa sababu ilikubali kuwafundisha yenyewe yale yaliyopungua. Vyuo vilivyowapokea vijana wa Mboya vilifanya vivyo hivyo. Chuo cha theolojia kinachofunga mwaka wa maandalizi kwa ajili ya kupunguza gharama hakina budi kwanza kujiuliza ni nani atakayeufundisha mwaka huo badala yake. Jibu likiwa ni sekondari, basi tujue tumewaacha wale ambao sekondari haikuwafikia, na wengi wao wako katika mitaa ya pwani ambako Kanisa lina watenda kazi wachache.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtihani wa Kidato cha Sita, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, umehesabiwa kuwa badala ya masomo ambayo awali yalifundishwa chuoni. Tumeona pia kwamba masomo hayo yamehamishwa huku na huku, Kampala, Musoma na Nairobi, na kila mara walioathirika zaidi walikuwa nje ya chuo. Ndugu wachungaji na wanafunzi mtakaokuwa wajumbe wa bodi za shule na vyuo, swali la alama litaletwa mezani kwenu mara nyingi. Litakapoletwa, msiishie katika kuuliza ni alama ngapi zitoshe. Ulizeni pia mwaka uliohesabiwa kwa alama hizo unafundishwa wapi, na nani, na kama mtoto wa Dunda anaweza kufika huko.